Madini ya Mapambo na Mwasho wa Ngozi

Wasikilizaji, mazungumzo yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo wengi hulidharau mpaka limewapata wenyewe, nalo ni mwasho utokanao na hereni, pete, mkufu au bangili. Msichana hutobolewa masikio akavaa hereni mpya zenye kumeremeta. Baada ya majuma machache masikio yawasha, yatoka vipele vya maji, kisha ngozi yafanya magamba. Mama yake amwosha kwa sabuni ya dawa, ampaka mafuta, amnunulia hereni nyingine za namna ile ile, wala hali haibadiliki. Wako wasemao kwamba ni uchafu, na wako wasemao kwamba damu yake ni mbaya; wengine hunong'ona habari za jicho la jirani. Kumbe kisa chote kimo katika kipande cha madini kisichozidi uzito wa punje ya mahindi.

Madini yenyewe huitwa nikeli. Ni meupe, magumu, hayashiki kutu upesi, na bei yake ni ndogo sana kuliko ya fedha. Jina lake lina kisa. Wachimbaji wa migodi ya Ujerumani zamani waliona jiwe lililofanana na jiwe la shaba, wakaliyeyusha, wala wasipate shaba hata kidogo. Wakasema kwamba ni hila ya shetani mdogo akaaye migodini, wakaliita jiwe lile kwa jina lake. Mwaka 1751 mtaalamu mmoja wa Sweden, Axel Cronstedt, aliyatoa madini mapya katika mawe ya namna hiyo, na jina la yule shetani likabaki. Mtu aliyekwisha washwa na nikeli hataona ya kuwa jina hilo lilikosewa.

Hatununui nikeli kwa jina lake. Yaja imejificha. Hereni ya bei ndogo iitwayo ya dhahabu, mara nyingi ndani yake ni shaba iliyochanganywa, juu yake umepakwa utando wa nikeli ili kazi ing'ae na kushikamana, na juu ya nikeli ndipo umechovywa utando wa dhahabu. Utando huo wa dhahabu ni mwembamba kiasi kwamba mara nyingi haufikii sehemu ya hamsini ya unene wa unywele. Ukisuguliwa na nguo na jasho kwa muda wa miezi michache, dhahabu imekwisha, na kinachogusa ngozi ni ile nikeli. Kadhalika nikeli imo katika vifungo vya suruali, vishikizo vya mishipi, migongo ya saa za mkono, zipu, funguo na sarafu. Shilingi ya Afrika ya Mashariki iliyotengenezwa tangu mwaka 1948 hadi 1952, na shilingi ya kwanza ya Tanzania ya mwaka 1966, zilikuwa za shaba na nikeli. Basi chukua pete mbili, moja iliyofuliwa kwa rupia ya wakati wa Wajerumani, na moja iliyofuliwa kwa shilingi ya mwaka 1949. Zote mbili ni nyeupe, na zikipigwa msasa zafanana. Lakini ile ya kwanza ni fedha karibu sehemu 92 katika 100, na iliyobaki ni shaba. Ile ya pili haina fedha hata chembe. Jicho haliwezi kuzipambanua. Ngozi yaweza.

Lililo baya zaidi ni lile liitwalo fedha ya Kijerumani. Jina lasema fedha, na rangi yasema fedha, lakini kwa kawaida ni shaba sehemu kama 60, nikeli sehemu kama 20 na zinki sehemu kama 20. Bangili nyingi na vito vingi vya kuuzia wageni hufanywa kwa mchanganyiko huo. Si kwamba muuzaji adanganya kila mara. Mara nyingi yeye naye aliuziwa hivyo.

Sasa tuone jinsi madhara yanavyotokea. Jasho la mwanadamu lina chumvi, na chumvi hiyo huila nikeli kidogo kidogo, kama hewa ya bahari ilavyo mabati ya nyumba za pwani. Chembe zilizoyeyuka hupenya katika ngozi. Humo wamo askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kutambua adui. Mara ya kwanza askari hao hawafanyi ghasia. Wao hujifunza tu sura ya mgeni. Kujifunza huko huenda kukachukua majuma, huenda kukachukua miaka. Lakini wakiisha kumjua hawamsahau, na kila arudipo humshambulia, na vita hivyo ndivyo mwasho, uvimbe na vipele. Hali hii ndiyo iitwayo mzio. Neno hili ni la zamani katika Kiswahili. Wazee walilitumia kwa chakula kisichopatana na mtu fulani, ijapokuwa wenzake wote hukila wakashiba. Leo waganga wa hospitali hulitumia kwa kila kitu ambacho mwili wa mmoja hukikataa na mwili wa mwingine hukipokea.

Mambo mawili katika habari hii huwapoteza watu njia. La kwanza ni kwamba mzio hauanzi siku ya kwanza. Mtu huvaa saa yake miaka mitano kwa amani, na mwaka wa sita mkono waanza kumwasha. Husema, "Haiwezi kuwa saa hii, maana naijua." Naye ndiyo kwanza mwili wake umeijua. La pili ni kwamba mwasho hauji saa ile ile ya kuvaa. Huja baada ya siku moja, mbili, au hata tatu. Mama avaa hereni Jumapili kwenda kanisani, azivua jioni, na Jumanne masikio yawaka. Basi hulaumu mtori aliokula Jumatatu, na hereni zarudishwa kabatini bila hatia mpaka Jumapili ijayo.

Mahali petu nako kuna neno lake. Mtu akaaye Kibosho au Marangu juu, penye ubaridi na ukungu, huenda akavaa mkufu wake mwaka mzima bila kusumbuka. Akishuka kwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Arusha Chini, jasho lamtoka toka asubuhi, na mkufu ule ule wamwandika pete nyeusi shingoni. Mkufu haukubadilika, wala ngozi haikubadilika; kilichoongezeka ni jasho la kuyeyusha.

Yafaa niseme pia juu ya dalili, kwani vitabu vingi vya habari hizi viliandikwa na watu wa Ulaya kwa ajili ya ngozi nyeupe, navyo vyasema, "Tazama wekundu." Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani vema. Utaona weusi uliozidi, au rangi ya zambarau au kijivu, na ngozi iliyonenepa na kukwaruza kama ganda la mti. Na baada ya kupona, lile doa jeusi hukaa miezi mingi, hata mtu akadhani hajapona. Angalieni mahali doa lilipo, kwa maana mzio wa madini huchora picha ya kitu kilichouleta: duara chini ya saa, mstari shingoni, alama chini kidogo ya kitovu palipo kifungo cha suruali. Mwanafunzi mwenye ukurutu chini ya kitovu, usioponyeka kwa dawa yo yote, kwanza atazamwe mshipi wake.

Lakini si kila taabu ya pambo ni mzio. Kidole kikigeuka kijani chini ya pete ya shaba, hiyo ni shaba iliyopambana na jasho. Yaoshwa ikatoka, wala haina madhara. Sikio likitoa usaha, likiwa la moto na kuuma kuliko kuwasha, hicho ni kidonda kilichoingiwa na vijidudu, nacho chataka dawa yake. Ngozi ikichubuka chini ya pete ya mtu afuaye nguo kila siku, huenda kosa ni la sabuni iliyobaki chini ya pete. Na kuna jambo jingine ambalo kwetu sisi watu weusi ni la kawaida zaidi: baada ya kutobolewa, kovu la sikio halikomi kukua, likawa nundu gumu, wakati mwingine kubwa kama kokwa la parachichi. Hilo si kosa la madini. Hata dhahabu safi haiwezi kulizuia. Ni tabia ya ngozi ya mtu huyo, mara nyingi ya ukoo wake, naye asitoboe tena mahali popote, wala asikubali kukatwa nundu hilo na mtu asiye mganga wa ngozi, kwani likikatwa ovyo hurudi likiwa kubwa kuliko kwanza.

Wengine hujisifu kwamba damu yao "haikubali vitu vya bandia." Maneno hayo yana ukweli nusu. Bangili ya shaba tupu, ambayo kwa bei ni bandia kabisa, haiwezi kuwawasha. Na pete ya dhahabu nyeupe yenye thamani kubwa yaweza kuwawasha usiku na mchana. Ngozi haijui bei.

Mabibi na mabwana, hapo ndipo nionapo ya kuwa yafaa kuwakumbuka wahunzi wetu wa kale. Wachaga walipamba miili yao kwa madini muda mrefu kabla ya maduka ya Moshi. Chuma kilitoka kwa majirani wetu wa Upare, hasa Ugweno, ambako ukoo wa Washana ulijulikana kwa kazi ya kuyeyusha na kufua. Huku mlimani wahunzi walikifua kuwa mikuki, majembe, bangili na mikufu myembamba ya vijipete. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyekaa miaka mingi Moshi ya Zamani, aliandika mwaka 1912 makala nzima juu ya mhunzi na heshima yake, jinsi watu walivyomwogopa na kumhitaji pia. Hata leo huko Mamba, karibu na Marangu, wako wafuao chuma kwa mivukuto. Shaba ilitoka pwani: misafara ya Pangani na Mombasa ilileta nguo, shanga na masango, yaani nyaya nene za shaba, nazo zilizungushwa mikononi na miguuni, na nyingine zilifuliwa kuwa hereni.

Hesabuni sasa: chuma, shaba nyekundu, shaba ya manjano ambayo ni shaba na zinki, shanga za kioo, na ile pete ya ngozi ya mbuzi wa tambiko iliyovikwa kidoleni. Katika vyote hivyo nikeli haikuwamo, au ilikuwamo kidogo mno. Sisemi kwamba wazee hawakuumia; mapambo mengine yalikuwa mazito, nayo yalichubua ngozi na kurefusha masikio. Lakini mwasho huu tunaouzungumzia haukuwapata, maana aliyeuleta hakuwa amefika. Mng'ao mweupe wa bei ndogo ndio uliomleta.

Basi mtu mwenye mzio avae nini?

Dhahabu ya karati 22, ipendwayo na masonara wa Kihindi na watu wa pwani, ni dhahabu sehemu 91 na zaidi katika 100, na iliyobaki kwa kawaida ni fedha na shaba. Hiyo ni salama kwa karibu watu wote; mzio wa dhahabu yenyewe upo, lakini ni nadra. Dhahabu ya manjano ya karati 18, yenye sehemu 75, nayo hufaa mara nyingi. Ya karati 9 yahitaji swali, kwani zaidi ya nusu yake si dhahabu. Dhahabu nyeupe yahitaji maswali mawili. Dhahabu kwa asili si nyeupe. Huwa nyeupe kwa kuchanganywa na madini meupe, nayo ni nikeli au paladi. Ya paladi ni ghali, lakini kwa kawaida haiwashi. Ya nikeli, hata ikichovywa rodi juu yake ili ing'ae, yafunuka rodi ikiisha kulika. Nalitaja hili hasa kwa sababu ya jiwe la tanzanaiti, lililovumbuliwa mwaka 1967 huko Mererani, uwanda ulio chini ya mlima wetu. Wengi hupenda kuliweka katika dhahabu nyeupe, maana buluu yake hupendeza hapo. Jiwe halina hatia. Ulizeni habari za kile kilicholishika.

Fedha halisi, yenye muhuri 925, ni fedha sehemu 92 na nusu, na nyingine kwa kawaida ni shaba. Hugeuka nyeusi kwa hewa na jasho, lakini weusi huo si ugonjwa. Majivu laini na kitambaa huuondoa. Walakini isitiwe katika tundu bichi la sikio, kwani yaweza kuacha doa la kijivu lisilotoka. Shaba nyekundu na shaba ya manjano hufaa, ukivumilia ukijani wake, mradi zisiwe zimechovywa kitu kingine juu. Alumini, ile ya sufuria, haiwashi ila kwa nadra sana. Vipande vyake vyepesi vining'iniavyo katika mapambo ya Wamasai ni salama kuliko hereni nyingi za dukani.

Kuhusu chuma cha pua kisichoshika kutu, watu hubishana sana. Kile kitumiwacho kwa mapambo kina nikeli sehemu 8 hadi 14 katika 100, na mtu akisikia hesabu hiyo hukimbia. Lakini nikeli hiyo imefungwa ndani ya chuma kwa nguvu, na jasho hutoa kidogo mno. Kwa hiyo watu wengi wenye mzio huvaa saa ya chuma hicho bila taabu. Neno kuu ni hili: hatuulizi ni nikeli ngapi iliyomo, bali ni nikeli ngapi itokayo. Hata hivyo mwenye mzio mkali asikitie katika tundu jipya.

Titani ndiyo bora kuliko yote kwa tundu jipya. Ni madini mepesi ya rangi ya kijivu, ambayo madaktari huyatumia kuungia mifupa iliyovunjika, na mwili huyapokea kama yake. Ubaya wake ni kwamba mhunzi wa kwetu hawezi kuifua; huja imekwisha kutengenezwa viwandani. Asiyeipata, au asiyeweza bei yake, ana shanga za kioo zilizotungwa kwa uzi wa pamba, ana mti, ana pembe ya ng'ombe. Lakini angalieni kulabu. Nimeona mikufu mizuri ya shanga, kazi ya mikono ya akina mama, ambayo haina kosa ila kile kifungo kidogo cha nyuma, na hicho ndicho kiumacho. Kifungo kikatwe, ifungwe kamba.

Watu wengi hutegemea sumaku, wakidhani kwamba kitu kikivutwa ni kibaya, kisipovutwa ni kizuri. Sumaku ni shahidi wa uongo katika kesi hii. Msumari wa chuma huvutwa kwa nguvu, na hauna nikeli ya kutajwa. Fedha ya Kijerumani haivutwi hata kidogo, nayo yawasha kuliko vyote. Kipimo cha kweli ni dawa ya maji itumiwayo katika maabara na katika hospitali za ngozi. Pamba huloweshwa dawa, husuguliwa juu ya pambo kwa muda wa nusu dakika hivi, na ikigeuka rangi ya waridi, nikeli inatoka. Chupa moja yatosha kupima mapambo ya kijiji kizima, na shule ya sekondari yenye chumba cha kemia ingeweza kuitumia kuwafundisha wanafunzi somo wasilolisahau.

Kupaka pambo rangi ya kucha isiyo na rangi, kama wengi wafanyavyo, husaidia siku chache tu. Utando hutoka bila kuonekana, na mvaaji hudhani bado analindwa.

Akina mama, neno langu kubwa ni juu ya kutoboa. Ngozi nzima ni ukuta. Tundu jipya ni mlango ulio wazi. Nikeli iliyotiwa katika nyama mbichi haina haja ya kupenya, maana imekaribishwa ndani, na askari wa mwili hujifunza upesi. Ndiyo sababu mzio huu umewapata wanawake kuliko wanaume katika nchi nyingi, na huko Ulaya ulimpata zaidi ya mwanamke mmoja katika kila kumi. Si kwamba ngozi ya mwanamke ni dhaifu. Ni kwamba yeye ndiye aliyetobolewa. Denmark ilitangulia kuweka sheria juu ya jambo hili, na mwaka 1994 nchi za Umoja wa Ulaya zikaweka yao. Leo pambo la kutia katika tundu la mwili huko halina ruhusa ya kutoa nikeli zaidi ya sehemu mbili za kumi za mikrogramu moja kwa kila sentimeta ya mraba kwa juma, na mikrogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni. Baada ya sheria hizo wasichana wa Denmark walionekana kupungukiwa na mzio. Kwa hiyo jambo hili si ajali, bali ni jambo linaloweza kuzuiwa. Na mtoto aliyekwisha kupata mzio atakuwa nao maisha yake yote. Hakuna dawa iuondoayo.

Bibi zetu walipotoboa sikio la mtoto walitia uzi, au kijiti chembamba cha ufagio, mpaka tundu likapona, ndipo hereni ikavikwa. Sindano yao haikuwa safi sikuzote, na hilo tusiliige. Lakini kungoja kwao kulikuwa na akili. Leo mtoto atobolewe kwa sindano mpya, na mtu aliyenawa mikono, na kitiwe kijiti cha titani au cha dhahabu isiyo na nikeli. Pasafishwe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Hereni za mapambo zisubiri majuma sita kwa uchache, na kama limetobolewa gegedu la juu la sikio, miezi mingi.

Aliyekwisha kupatwa, dawa yake ya kwanza ni kukivua kitu chenyewe, wala si kukihamishia sikio la pili. Kitambaa kilichoroweshwa maji baridi hutuliza mwasho, na mafuta mazito hulinda ngozi. Mganga aweza kutoa dawa ya kupaka ya kutuliza ngozi kwa siku chache. Lakini jihadharini na zile dawa kali za kupaka ziuzwazo ovyo, ambazo wengine huzitumia pia kujichubua. Zikitumiwa miezi, ngozi huwa nyembamba kama karatasi, na mwasho hurudi kwa nguvu mara ziachwapo.

Kama hujui kitu kikuwashacho, hakuna haja ya kubahatisha. Katika hospitali ya KCMC hapa Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, kipo tangu mwaka 1992 chuo cha magonjwa ya ngozi ambacho hufundisha waganga wa nchi nyingi za Afrika. Katika elimu hiyo kuna kipimo cha viraka, kilichoelezwa kwanza na daktari Josef Jadassohn mwaka 1895. Vitu mbalimbali, kila kimoja kidogo sana, hubandikwa mgongoni kwa muda wa siku mbili, kisha mgongo husomwa siku ile na tena baada ya siku moja au mbili. Palipovimba, hapo pana jibu. Kipimo hiki chafaa hasa kwa sababu nikeli si mwenye hatia wa pekee. Kamba ya saa ya ngozi huenda ikawasha kwa sababu ya chumvi za kromi zilizotumiwa kuilainisha ngozi, na kromi hiyo hiyo imo katika saruji, nayo ndiyo iipasuayo mikono ya waashi wengi wadhanio kwamba ni ugumu wa kazi tu. Fundi wa namna hiyo akivua pete yake hatapona.

Limebaki swali la pete ya ndoa, ambalo huwatia wengi huzuni. Wako wanawake wavumiliao kidonda miaka, wakiogopa kwamba kuvua pete ni kuvunja ahadi au kumwaibisha mume. Pete iliyobarikiwa yaweza kuhifadhiwa, na nyingine ya madini mengine ikavaliwa mahali pake. Kama familia yataka pete ile ile, sonara stadi aweza kuipanua kidogo na kuitia ndani bitana ya dhahabu ya karati 22, ili kidole kisiguse ile ya nje. Muulizeni pia kuhusu lehemu yake. Pete yaweza kuwa safi pande zote, na ule mstari mmoja mwembamba ilipounganishwa ukawa na nikeli. Hapo mwasho utakuwa upande mmoja tu wa kidole, na kila pete izungukapo, doa litahama pamoja nayo.